Saini Yenye Nukta Mbili

"Simama! Simama! Ameacha tena!"

Stoo alitupa vijiti vyake vya ngoma. Viliangukia godoro, havikutoa hata sauti.

"Mara ya tisa," alisema Fundi kutoka nyuma ya mashine yake ya kanda. "Mara ya tisa, palepale. Msumari, una ugomvi gani na nukta ya pili?"

"Kidole kimeteleza."

"Kidole gani hicho kinachoteleza sehemu moja mara tisa? Hicho kidole kina akili kukuzidi wewe."

Nyembe alicheka, gitaa lake la besi likiwa bado linaning'inia begani. Msumari hakucheka. Aliinamia gitaa lake akajifanya anakaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.

Ilikuwa Jumapili mchana, ndani ya ghala la magodoro. Stoo ndiye aliyekuwa mtunza ghala, na ufunguo ulikaa kiunoni mwake siku zote saba. Bosi wake alishaambiwa kwamba Jumapili kuna mazoezi ya kwaya, akaona ni jambo jema. Magodoro yalipangwa mpaka darini, kuta nne, na yalikuwa yanameza kelele zote, hata mpita njia asingejua kwamba mle ndani kuna watu wanne wanaolitukana jiji zima. Ndiyo vituko vya Kokoto hivyo. Waliapa kuwaamsha watu usingizini, halafu wakaenda kurekodi mahali palipojaa vitu vya watu kulalia.

Kokoto walikuwa bendi ya panki. Nyuzi chache, midundo ya mbio, hakuna wa kumbembeleza mtu. Albamu yao ya kwanza waliipa jina *Ilani*, nyimbo tisa, dakika ishirini na tatu, na humo hamkuwa na wimbo hata mmoja wa kuchezea harusini. Baadaye walitoa albamu nyingine zilizorekodiwa vizuri zaidi, kwenye studio zenye viyoyozi. Lakini waulize wanaowapenda kweli. Watakutajia hii ya kwenye magodoro.

Bendi haikuwa na mwimbaji maalumu. Aliyeumwa na wimbo ndiye aliyeuimba. "Njoo Kesho" aliuimba Stoo, kwa sababu alifuatilia cheti chake cha kuzaliwa miaka minne kwenye dirisha moja. "Mheshimiwa Amelala" aliupiga makelele Fundi mwenyewe, mke wa Stoo, mtengenezaji wa redio, huku mkono mmoja uko kwenye mashine. Na huu wa mwisho, "Saini", ulikuwa wa Nyembe. Uliandikwa juu ya karatasi moja aliyoitunza ndani ya mfuko wa besi yake kwa miaka sita. Karatasi ya manispaa iliyomtaka bibi yake aondoke nyumbani kwake ndani ya siku saba.

*Saini ina mkia, saini ina nukta mbili,*
*ulipoweka nukta ya kwanza bibi alikuwa anafua,*
*ulipoweka nukta ya pili ukuta ukalala chini.*

Hapo penye nukta ya pili, ndipo gitaa la Msumari lilipokuwa linakata roho.

"Tupumzike," alisema Fundi. "Kanda yenyewe imechoka kuliko nyinyi."

Wakajitupa kila mtu kwenye godoro lake. Nyembe na Msumari walipanda juu kabisa, karibu na bati, ambako mwanga uliingia kwa vitundu na vumbi la sponji lilielea polepole. Baada ya kelele zote zile masikio huwa na pamba. Nyembe aliipenda hali hiyo kuliko hata muziki. Dunia inasogea mbali kidogo, na sauti ya mtu aliyelala kando yako inakufikia kana kwamba inatoka ndani yako mwenyewe.

"Umelala?" aliuliza Msumari.

"Naelea."

"Unaelea kwenda wapi?"

"Kwenu," alisema Nyembe, macho kafumba. "Naona mlango. Naona mama yako ananiuliza kama ninakula pilipili. Lini utanipeleka, Msumari?"

Msumari aligeuka akatazama bati.

"Tukimaliza albamu."

"Juzi ulisema tukimaliza wimbo wa tano. Kabla ya hapo ulisema mvua zikiisha."

"Jumapili ijayo. Tukimaliza huu wimbo, nakupeleka. Naapa."

Akamshika mkono akaubana. Nyembe alijua vidole vile kwa ugumu wa ncha zake, na siku ile vilikuwa baridi. Lakini mtu anayependa haulizi baridi inatoka wapi, anaziba tu kwa mkono wa pili. Alilala hivyo, akaota yuko ndani ya nyumba isiyo na kuta, na wala haogopi.

Jumatano saa nne asubuhi, Nyembe alikuwa kazini. Alichonga mihuri ya raba kwenye duka dogo lililobanana kati ya mtu wa fotokopi na mshona viatu. Mihuri ya shule, ya zahanati, ya vyama vya ushirika. Vidole vyake vilikuwa na wino ambao mbele yake hata sabuni ya unga ilishasalimu amri.

Aliingia mzee mmoja nadhifu, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mnatengeneza muhuri wa saini? Yaani mtu anagonga tu badala ya kuandika."

"Tunatengeneza. Wa nini, mzee?"

"Mimi ni mwenyekiti wa bodi ya chuo. Nina vyeti mia nne vya wahitimu vya kutia saini, na mkono huu," aliunyanyua, ukatetemeka hewani, "umeamua kustaafu baada ya mwenyewe kustaafu."

Nyembe akacheka. Alimpenda yule mzee papo hapo. Akamsogezea karatasi nyeupe.

"Basi niwekee saini tatu hapo, nitachagua iliyotulia."

Mzee alijaribu. Mistari ikatoka imepinda. Akatikisa kichwa, akatoa bahasha kwenye mkoba.

"Hapana, hii aibu. Chukua kwenye hii barua ya zamani. Hiyo ndiyo saini yangu ya enzi za kazi."

Nyembe akaifungua barua, akaiweka chini ya taa ya kuchongea.

Ndoano mwanzoni. Mkia mrefu unaorudi nyuma chini ya jina. Nukta mbili juu, ya pili kubwa kidogo kuliko ya kwanza, kama vile mwenyewe huikandamiza kalamu kwa kuridhika.

Hakupiga kelele. Kwa muda aliona duka lote linasogea mbali polepole, taa, mihuri, mzee, kila kitu kikienda zake bila yeye.

"Binti? Haionekani vizuri?"

"Inaonekana," alisema. "Mzee, ulifanya kazi wapi?"

"Manispaa. Ardhi na majengo, miaka thelathini na moja."

"Ulikuwa unasaini ilani za kubomoa nyumba?"

"Hizo! Nyingi tu. Kuna siku nilisaini sitini kabla ya chai."

"Na za kando ya mfereji, miaka sita iliyopita?"

Mzee alikunja uso. Alikuwa anatafuta kumbukumbu kwa dhati, kama mtu anayetaka kumsaidia mwenzake.

"Mfereji upi, binti?"

Nyembe alifungua mdomo amjibu. Mlango ukasukumwa.

"Baba, umemaliza? Nimeegesha gari vibaya, jamaa wa fotokopi ananipigia..."

Msumari akasimama katikati ya sentensi yake. Ufunguo wa gari ulikuwa mkononi. Alimtazama Nyembe, akaitazama barua chini ya taa, akamtazama baba yake, na uso wake ukawa wa mtu aliyekutwa uchi.

"Mnafahamiana?" aliuliza mzee.

"Huyu ni nani kwako, mzee?" aliuliza Nyembe, sauti yake imetulia mno.

"Mwanangu wa mwisho. Anapiga gitaa, eti ndiyo kazi." Mzee akacheka. "Na wewe unamjua?"

"Nilidhani namjua," alisema Nyembe. "Muhuri utakuwa tayari Ijumaa."

Kazi ile alimwachia mwenye duka, akaondoka. 

Simu ilianza kuita kabla hajafika nyumbani. Hakupokea. Ujumbe ukaanza kuingia.

"Nyembe naomba dakika tano."

"Nyembe nipo nje ya duka lenu."

"Najua umechukia. Una haki. Nisikilize tu."

Mpaka alasiri, ndipo alipojibu.

"Ulijua tangu lini?"

Majibu yalichelewa. Alikiona kioo cha simu kinawaka, kinazima.

"Tangu siku uliponionyesha ile karatasi. Ndiyo saini iliyokuwa kwenye ripoti zangu za shule. Ningeijua hata gizani."

"Miezi minane."

"Miezi minane na siku nne."

Nyembe aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Alilia basi, kilio kile cha kwikwi kisicho na heshima, mpaka bibi yake akatoka chumbani ameshika ufagio.

Bibi alikuwa na sikio moja lililolala kabisa na jingine linalosinzia. Tangu nyumba yake ibomolewe, aliishi na mjukuu wake kwenye chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Watu walimhurumia kwa kelele za Kokoto. Yeye aliwashangaa. Huo ndio muziki pekee uliokuwa unamfikia.

"Nani amekufa?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Hakuna aliyekufa, Bibi."

"Basi ni yule kijana. Kafanya nini?"

Nyembe alimsogelea lile sikio linalosinzia, akamweleza yote, nusu akilia nusu akipiga kelele. Majirani nao bila shaka walipata habari kamili. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ufagio ukutani.

"Kwa hiyo nyumba kaibomoa baba yake."

"Ndiyo."

"Na huyu yeye kabomoa nini?"

"Alinyamaza, Bibi! Nilimlilia kifuani. Nilimsomea ile karatasi neno kwa neno. Akanifuta machozi, na ulimi kaufungia kabatini. Miezi minane ananisindikizia wimbo kwa gitaa huku anajua!"

"Mh," alisema Bibi. "Hapo kakosea sana."

Hakuongeza neno. Aliendelea kufagia, na mara hii alifagia sehemu moja tu kwa muda mrefu.

Ijumaa jioni, jua likiwa bado lipo dirishani, hodi ikapigwa. Bibi hakuisikia. Nyembe alifungua mlango nusu, mguu akauweka nyuma yake kama kabari.

"Sema ulichokuja kusema, uondoke."

Msumari alikuwa hajanyoa. Hakuja na ua wala zawadi, na hilo Nyembe alilitia maanani ingawa hakutaka.

"Niliogopa," alisema Msumari.

"Uliogopa nini? Ningekuuma?"

"Niliogopa kwamba nikisema, siku hiyohiyo nakukosa. Nisiposema, napata siku moja zaidi. Basi kila asubuhi naamka najiambia leo, halafu nakuona unavuka barabara na lile besi kubwa kukuzidi, najiambia kesho. Siku zikajaa."

"Ungeniambia ningekasirika. Ningekutupia hata kiatu. Halafu ningekaa chini nikakumbuka kwamba mtu hachagui baba. Sasa hivi sikasiriki kwa sababu ya baba yako, Msumari. Baba yako hata mfereji haukumbuki! Nakasirika kwa sababu yako. Nilikuwa nakuletea kidonda changu kila Jumapili, wewe unakitazama, unajua nani kakitia, unasema pole."

"Pole ilikuwa ya kweli."

"Ilikuwa nusu."

Msumari aliinamisha kichwa.

"Ilikuwa nusu," alikubali. "Unataka nifanye nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Na usiniulize mimi cha kufanya. Hilo nalo nikufanyie mimi?"

Akafunga mlango. Aliegemea hapo mpaka aliposikia miguu inashuka ngazi, ghorofa ya pili, ya kwanza, halafu barabara ikaimeza. Alimpenda bado. Ndilo lililomuudhi kuliko yote. Alitamani mapenzi yangekuwa kama wino wa mihuri, ukiacha kazi siku mbili unafifia wenyewe.

Jumamosi Stoo akapiga simu.

"Dada Nyembe, sikuingilii. Mimi ni mtu wa magodoro tu. Lakini Jumatatu lori linakuja kubeba mzigo wote. Ghala likibaki tupu litakuwa mwangwi mtupu, haturekodi kitu humo tena. Kesho ndiyo siku ya mwisho."

"Nakuja kesho."

"Alhamdulillahi!"

"Nakuja kuchukua amplifaya yangu. Wekeni nyimbo nane, inatosha."

Sauti ya Fundi ikasikika, amempokonya mumewe simu.

"Sikia, mdogo wangu. Albamu ya nyimbo nane bila 'Saini' ni redio bila spika. Itawaka taa tu. Lakini wimbo ni wako. Ukisema hapana, ni hapana, na mtu atakayekulaumu atanikuta mimi mlangoni."

Jumapili Nyembe aliingia ghalani na kamba ya kufungia mzigo. Mwanga ulikuwa uleule wa vitundu, vumbi lilelile la sponji likielea bila haraka. Alikuta Stoo kakaa kwenye ngoma, Fundi nyuma ya mashine, na wote wawili wanatazama chini kama wanafunzi waliovunja kioo.

Mbele ya maikrofoni, mahali pake yeye, alisimama Msumari.

"Toka hapo," alisema Nyembe.

"Naomba niuimbe mimi."

"Uuimbe kama nani? Aliyebomolewa ni bibi yangu."

"Wimbo wako uko palepale, sijaugusa. Nimeongeza ubeti wangu." Alikuwa na karatasi mkononi. "Tulikubaliana anayeumwa ndiye anayeimba. Miezi minane huu wimbo unaniuma kuliko kitu chochote, na nilikuwa naupigia gitaa kama hausemi na mimi."

"Huwezi kuniomba msamaha kwa maikrofoni. Hii si barua ya mapenzi."

"Sikuombi msamaha. Ukitaka kuondoka ondoka, nitaimba bila besi, na utakuwa wimbo mbovu kuliko yote duniani. Lakini nitausema. Umechelewa kusemwa."

Nyembe alisimama na kamba yake. Aliwaza kuhusu ngazi za ghorofa ya tatu zinavyomchosha Bibi. Aliwaza kuhusu uso wa yule mzee, mpole, anayetaka kusaidia, anauliza mfereji upi. Halafu alimtazama kijana huyu anayetetemeka mbele ya maikrofoni iliyozimwa, akaona kwamba ana hofu, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu amjue haifichi.

Akaiacha kamba ianguke. Akavaa besi.

"Mara moja tu," alisema. "Ukisimama njiani, siirudii."

Fundi hakungoja aambiwe. Kanda ikaanza kuzunguka.

Stoo akahesabu, wakaingia wote kwa pamoja. Msumari aliimba vibaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya barabara. Mkia ukapita. Nukta ya kwanza ikapita. Nukta ya pili ikafika, na gitaa halikukata. Lilipita pale likinguruma, na bila kusimama Msumari akaufungua ubeti wake.

*Hii saini naijua, imo kwenye ripoti zangu za shule,*
*"mtoto ana bidii", chini yake mkia na nukta mbili.*
*Imeninunulia viatu, imenipeleka kwa daktari,*
*hii saini ni ya baba yangu, na mimi nimekula.*

*Na mimi nimekula*, alirudia, mara nne, mara tano, mpaka sauti ikapasuka. Besi ya Nyembe ilikuwa chini yake muda wote, nzito, haikumwacha aanguke. Halafu Stoo akapiga pigo la mwisho, na magodoro yakameza kila kitu.

Fundi alikuwa analia huku amebonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Imeingia?" aliuliza Stoo taratibu.

"Imeingia yote," alisema Fundi. "Hata pua yako inayokoroma imeingia."

Msumari aligeuka, jasho linamtiririka.

"Nyembe."

"Umeniimbia mimi," alisema Nyembe. Masikio yake yalikuwa na pamba, na sauti yake mwenyewe ilimfikia kutoka mbali. "Mimi nilikuwa najua tayari. Mwenye saini hajasikia."

Msumari alilivua gitaa begani.

"Uliapa kwamba tukimaliza huu wimbo unanipeleka kwenu," alisema Nyembe. "Umekwisha."

"Sasa hivi?"

"Fundi anihamishie kwenye kaseti. Mimi nampitia Bibi."

Wakiwa ndani ya teksi, Bibi alikaa kati yao, mkoba juu ya magoti, redio kaseti ya Fundi juu ya mkoba. Alivaa gauni lake la kutokea. Alimsogelea mjukuu wake akamnong'oneza, yaani alidhani ananong'ona, dereva akageuka kabisa.

"Bado unamtaka huyu?"

"Namtaka, Bibi," alisema Nyembe, macho nje ya dirisha. "Ndiyo tabu yenyewe."

Upande wa pili Msumari alifumba macho.

Nyumba ilikuwa na sebule pana, makochi ya kahawia, picha za mahafali ukutani. Mzee alikuwa anasoma gazeti. Alifurahi kuona wageni, mpaka alipomtambua mchonga mihuri.

"Binti wa mihuri! Mbona kazi ilikuwa nzuri tu, nimeshaichukua."

"Baba," alisema Msumari, "tuna kitu cha kukusikilizisha. Ni dakika mbili na nusu. Naomba usinikatishe."

Akabonyeza.

Kelele zikaijaza sebule ile ya heshima. Mzee alishtuka kwanza, akatabasamu kidogo kama mzazi anayevumilia. Halafu maneno yakaanza kumfikia. Tabasamu likabaki peke yake usoni, mwenyewe ameshaondoka. Ulipofika ubeti wa mwanawe aliitazama mikono yake juu ya gazeti.

Kaseti ikakwama mwisho, ikalia *tak*.

"Umeniaibisha," alisema mzee, polepole.

"Ndiyo, Baba."

"Watu watasikia huu wimbo?"

"Tunataka wasikie wote."

"Nilikuwa mtumishi. Zililetwa mezani, nikasaini. Nisingesaini mimi angesaini mwingine." Aligeuka kwa Nyembe, na sasa hivi sauti haikuwa na uhakika. "Ndiyo maana uliniuliza habari za mfereji."

"Ndiyo. Nyumba ilikuwa ya huyu," alisema Nyembe, akamshika Bibi bega.

Bibi alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyekumbuka kumkaribisha. Alimtazama mzee wa watu juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukata.

"Mimi sikuja kudai nyumba," alisema kwa lile sauti lake la kusikika ghorofa tatu. "Nyumba ilishakwenda. Nimekuja kuposa."

"Kuposa?" alisema mzee. "Kumposa nani?"

"Huyo kijana wako. Kwa ajili ya mjukuu wangu."

"Bibi!" Nyembe alihisi damu yote inampanda usoni.

"Nyamaza, wakubwa wanaongea."

"Baba, mimi nimeshakubali," alisema Msumari haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

"Na wewe nyamaza. Hujaulizwa." Bibi hakuondoa macho kwa mzee. "Nyumba yangu uliichukua hukuniuliza. Mimi nakitaka kilicho chako, na nimekuja kukuuliza."

Mzee alifungua mdomo. Mara elfu thelathini na moja katika maisha yake alikuwa na jibu la kumpa mtu aliyesimama mbele ya meza yake, na majibu hayo yote aliyajua kwa moyo. Sasa alilitafuta moja, na hakulipata.

Nyembe aliutafuta mkono wa Msumari bila kutazama, akaupata, akaushika kwa nguvu. Ulikuwa wa moto.

Mzee aliliondoa gazeti kwenye kochi. Akasogea mpaka pembeni kabisa, akafuta nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Keti, mama," alisema.

Bibi akaketi.